Talaka ya Kwenye Kipaza Sauti

Pak Zuraini hakupiga hodi. Alizima pikipiki yake ya magurudumu manne chini ya dirisha la jikoni, akaingia na viatu, akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyekuja bandarini kuchukua mzigo wake uliokawia.

"Sanduku liko wapi?"

Binti yake, Zuraini mwenyewe, alikuwa anapiga pasi sare ya dukani. Hakuinua kichwa. "Sanduku gani, Baba?"

"La nguo zako! Ndege ya Perth ni Jumanne. Kaka yako anakusubiri mjini Katanning, chumba kishapakwa rangi. Hiyo eda utaimalizia huko huko kwenye baridi."

"Eda ya talaka rejea inakaliwa nyumbani kwa mume. Imam alisema, nawe ulikuwepo unatikisa kichwa."

"Mume!" Mzee alicheka bila kucheka. "Mume gani? Yule kinyago wa harusini?"

"Viatu, Pak Zuraini," ikasema sauti kutoka pembeni. Ilikuwa ya Nek Rabiah, bibi yake huyo huyo kinyago, aliyekuwa ameketi mkekani na ungo wa mchele mapajani. "Humu tunasali."

Mzee akatazama miguu yake. Akavua kiatu cha kwanza, akakitupa nje. Akavua cha pili, akakitupa mbali zaidi, kuku wakatawanyika. Kisha akairudia hasira yake pale pale alipoiacha.

"Nek, mjukuu wako kamnadi mwanangu kwenye kipaza sauti. Mbele ya Home Island nzima! Na mimi nilikuwa nimekaa pale na sahani yangu ya mishikaki ya satay, nikacheka. Unasikia? Nilicheka pamoja nao, mpaka nilipomwona Imam kaweka kijiko chini."

"Nasikia. Na mimi nilikuwepo."

"Ulicheka?"

"Sina meno ya kuchekea upuuzi."

Zuraini akaichomoa pasi. "Baba, nenda nyumbani. Siku zangu nazijua mimi. Zikiisha, nitakuja mwenyewe, sanduku nimelibeba kichwani. Zisipoisha, sitoki humu."

"Na akikurejea kabla hazijaisha?"

Zuraini aliikunja sare yake, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama leso. Swali hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Home Island ni kisiwa kidogo, saa kadhaa za ndege kutoka Perth. Ukipiga chafya msikitini, mtu wa nyumba ya mwisho anakuombea rehema. Na kule mtu akishazaa, jina lake la ujanani linawekwa kabatini: anakuwa Pak, yaani baba wa fulani, au Mak, mama wa fulani, na wajukuu wakija anakuwa Nek. Mazlan na Zuraini walikuwa wameoana zamani, wenzao wa rika wameshabadilishwa majina wote, na wao bado ni Mazlan na Zuraini tu, kama wanafunzi waliorudishwa darasa. Watu hawakusema kitu. Walitazama tu, na jicho la mtu anayekujua halihitaji mdomo.

Mazlan aliendesha gari la kunyanyulia mizigo pale ushirika. Hiyo ndiyo kazi iliyomlipa. Kazi yake hasa ilikuwa maneno. Hakuna harusi, hakuna akika, hakuna karamu ya kuhitimu Kurani iliyopita bila yeye kushika kipaza sauti. Angeweza kumchekesha mtu aliyetoka kuzika. Zuraini mwenyewe alimpendea hilo: siku waliyozungumza mara ya kwanza alimchekesha hadi chai ikamtoka puani, naye akaapa hatamtazama tena mtu aliyemtia aibu namna ile, na kabla ya mwaka kwisha akaolewa naye.

Siku ya balaa ilikuwa harusi ya binamu. Fidla imeshapigwa, watu wameshapakana poda, satay inazunguka meza hadi meza. Osmin, ambaye wao wawili bado walimwita kwa jina la utotoni, rafiki wa Mazlan tangu wakitembea uchi, akapaza sauti:

"We Mazlan! Wenzio wote tumeshakuwa Pak. Wewe utabaki Mazlan mpaka lini?"

Watu wakageuza shingo. Na Mazlan, kipaza sauti mdomoni, hakungoja hata kuvuta pumzi.

"Nifanyeje, ndugu zangu? Ninyi mmepewa visiwa vya minazi, mie nimepewa kisiwa hakioti hata kidaka! Haya basi, leo nafunga biashara. Zuraini, nakupa talaka moja! Anayemtaka ajitokeze, namtoa pamoja na friza yake, na kuku ndani!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, vikombe vikaruka. Zuraini alikuwa amebeba sinia la ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi yaliyosukwa. Alilishusha taratibu, asimwage hata moja, akatoka. Alikwenda nyumbani kwa miguu, peke yake, na kile kicheko kikamsindikiza barabara nzima, maana spika za harusi za kule hazijui kunong'ona.

Imam Haji Kamaludin hakuwa na pa kupitia. Kesho yake aliwaita wote, akasema kwa uchungu, kwani alimpenda Mazlan kama mwanawe. "Kuna mambo matatu, Mtume katuambia, ukweli wake ni ukweli na mzaha wake ni ukweli: ndoa, talaka na rejea. Umeitamka, ukamtaja kwa jina, na kisiwa kizima ni shahidi. Imepita moja. Una haki ya kumrejea kabla eda haijaisha, kwa neno la kinywa chako tu. Ila sikiliza, Mazlan. Na neno hilo pia ukilisema kwa mzaha, linapita."

Mazlan alitoka pale mbio mpaka dirishani kwa mkewe, meno yote nje. "Haya, bibi harusi wangu wa zamani, naku..."

"Nyamaza!" Zuraini alipiga ukelele hadi majirani wakatoka. "Ukilitamka huku unacheka, litapita! Litapita, na mimi nitakuwa mke aliyeokotwa kwa kichekesho kama alivyotupwa kwa kichekesho. Nitapanda ndege, na wallahi hutaniona tena. Usilitamke!"

Mazlan akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo alilala kwenye kibanda chake cha pwani, na neno lile akalishika mdomoni kama mtu aliyeshika kaa la moto kwa meno: kulitema hawezi, kulimeza hawezi.

Na kisiwa kiliendelea kucheka. Dukani kila siku mtu alikuja na lake. "Zu, friza imeshapata bwana?" Mak Hasnah alimuuliza huku akihesabu mayai. "Mwanangu yupo, lakini anataka na bata." Zuraini alimgongea bei, akampa chenji yake, akatabasamu. Jioni taya lilimuuma kwa kutabasamu.

*

Jioni ya siku aliyokuja Pak Zuraini, Mazlan naye alikuja. Alibeba mfuko wa mchele begani na samaki wawili mkononi. Matunzo ya eda ni juu ya mume, na hakuwahi kukosa. Zuraini hakuweza kumlaumu kwa hilo, na kutoweza kumlaumu kulimkera zaidi.

Alisimama nje ya mlango wa jikoni, hakuvuka kizingiti. Nek Rabiah alikuwa barazani, karibu ya kutosha kwa heshima. Zuraini alikuwa akitwanga pilipili za sambali, na alipomwona hakupunguza mtwango, aliuongeza.

Mazlan alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limefumuka kwapani. Zuraini aliliona, na mkono wake ulitaka kulichukua ulishone kabla akili haijaukataza. Akautia mkono kwenye pilipili tena.

"Mchele ndio huo," Mazlan akasema. "Muuzaji wa duka lenu mkali, lakini mchele mzuri."

"Ndiyo umeanza?"

"Sijaanza. Limenitoka."

"Yanakutoka. Kila kitu kinakutoka. Na mke akakutoka."

Mazlan akaweka mfuko chini. "Nimesikia Jumanne kuna ndege."

"Ipo kila wiki."

"Utapanda?"

"Siku zangu zikiisha kabla yake, nitapanda."

"Zimebaki ngapi?"

"Sikwambii."

"Zu, nina haki ya kujua."

"Ana haki ya kujua!" Mchi ukasimama hewani. "Mwanamume aliyeninadi na friza ana haki! Kamuulize Osmin. Siku ile mlikuwa mnapokezana vizuri, mmoja anarusha, mmoja anadaka."

"Ulikuwa utani! Wangapi nimewatania kisiwa hiki? Mtume wetu mwenyewe alikuwa anatania na watu wake, Imam si ndiye aliyetusomea? Dini haikukataza mtu kucheka!"

Kabla Zuraini hajajibu, Nek Rabiah alikohoa barazani. "Umetaja jambo kubwa kwa mdomo mdogo, mjukuu wangu. Hebu tusimulie huo utani wake."

Mazlan akajikuna shingo. "Yule bikizee... alimwomba amwombee aingie peponi. Akamwambia, peponi haingii mzee."

"Bikizee akafanyaje?"

"Akageuka akalia."

"Na Mtume akafanyaje?"

Mazlan akahamishia samaki mkono wa pili.

"Sema, Pak Kipaza Sauti."

"Akasema mwambieni hataingia akiwa mzee. Atarudishwa usichana wake."

"Basi," Zuraini akadakia. "Alisema kweli, na hakumwacha bikizee afike mbali na machozi yake. Mimi uliniacha nifike mpaka nyumbani! Nilitembea barabara nzima nikisikia sauti yako, umeshahamia kichekesho kingine, cha kuku wa bwana harusi. Hukuja. Ulimaliza karamu kwanza."

"Sikujua kama umeondoka."

"Kwa sababu ulikuwa unawatazama wao."

Nek Rabiah akajiinua, mkono mmoja kiunoni. "Mimi nakwenda kuwafungia kuku, mlango uacheni wazi. Mzaha mzaha, watu wazima, hutunga usaha. Haya, ukamueni. Mtu mwenye jipu halali."

Alipofika mbali, Zuraini alikaribia kizingiti. Alisema chini chini sasa, na hasira ya chini chini ndiyo mbaya.

"Talaka ningeimeza, Mazlan. Naapa ningeimeza. Ungekuja usiku ule ukaniambia nimekosa, ningekununia siku mbili, yakaisha. Lakini kisiwa hakioti nazi? Mimi? Mimi ndiye kisiwa hakioti?"

Mazlan akatazama chini.

"Nitazame. Daktari wa Perth alisema nini?"

"Zu..."

"Alisema nini? Tulikaa wawili kwenye viti vile vya plastiki. Alimwambia nani kwamba mbegu hana?"

"Mimi," akasema, na lilitoka kama mwiba.

"Wewe. Na kwenye ndege ulilala begani kwangu ukalia mpaka mzungu wa pembeni akakupa kitambaa. Nikakuambia nini?"

"Uliniambia hakuna atakayejua."

"Na nani amejua? Hata Nek hajui. Hata mama yangu hajui, na mama yangu kanipeleka kwa kila mwenye majani. Dawa za Mak Hasnah nimezinywa, Mazlan, chungu kama nyongo, natapika chooni, natoka nasema asante Mak, nahisi nafuu. Nimekunywa dawa ya ugonjwa usio wangu! Kwa ajili yako. Nimeyabeba macho yao yote kwa ajili yako, nikasema haidhuru, mume wangu ananijua. Kumbe unanijua hivyo." Alifuta uso kwa mgongo wa mkono, pilipili ikamwingia jichoni, akazidi kukasirika. "Imam anasema ole wake asemaye uongo ili awachekeshe watu. Wewe uongo wako ulikuwa mara mbili. Uliwachekesha, na ukajificha nyuma yangu."

Jua lilikuwa linazama na hakuna aliyelitazama.

"Niliona haya," Mazlan akasema hatimaye. "Osmin aliniuliza mbele za watu, nikahisi wote wananiona mpaka ndani ya mifupa. Mimi watu wakicheka, hawanioni. Ndivyo nilivyo tangu mdogo. Kinywa kilitangulia."

"Kikanikanyaga."

"Ndiyo." Kisha naye hasira ikampanda, maana mtu aliyebanwa ukutani hutafuta pa kurusha ngumi. "Lakini na wewe usijifanye malaika! Nilipomtania Osmin kwa mguu wake unaochechemea, nani alicheka kuliko wote? Nilipomwigiza Mak Hasnah anavyolia misibani? Ulinishika mkono ukasema, rudia, Mazlan, rudia! Osmin siku ile alikuwa ananilipa, na deni lile tulilikopa wawili!"

Likampata. Likampata barabara, na kwa sababu lilikuwa kweli, aliinua mchi akaupiga kinuni kwa nguvu, sambali ikaruka ukutani.

"Toka mlangoni kwangu."

"Zu, nimesema vibaya..."

"Umesema kweli! Ndiyo maana nakwambia toka! Siku zote hizi nakutafuta uniambie kweli, unaniletea siku nisiyoweza kuivumilia." Alishika ubao wa mlango. "Na neno lako hilo usije kulitamka humu jikoni, usiku, kama mwizi wa kuku. Ulinitoa mbele ya watu."

Macho yao yakakutana. Zuraini aliwahi kuyaona macho yale yakicheka, yakiomba, yakilia kwenye ndege. Hakuwahi kuyaona yametulia. Hakuyaamini. Alifunga mlango, akaketi sakafuni nyuma yake, akasubiri kusikia hatua zikiondoka. Hazikuondoka mara moja. Mlango ni ubao tu. Alimsikia akipumua upande wa pili, na akachukia kwamba alitaka asiondoke.

*

Jumamosi ilikuwa karamu ya mjukuu wa Imam, msichana, aliyehitimu Kurani. Uwanja wa Imam na ua wa nyumba yao umetenganishwa na mipapai na pipa la maji tu, hivyo Zuraini hakuhitaji kwenda karamuni wala kumwomba mume ruhusa ya kwenda, jambo ambalo asingeliomba hata akifa. Alijiwekea mbuzi kwenye ua wake mwenyewe, akawasaidia majirani kukuna nazi. Mak Hasnah alivuka, akaketi karibu naye na mbuzi yake. Kati ya majani ya mipapai waliona kila kitu.

Tumbo lilikuwa limeanza kumnyonga tangu alfajiri, kule chini, namna anayoijua. Hakumwambia mtu. Hedhi yake ya tatu ikija jioni hajarejewa, au ikija kesho, eda imekwisha, basi. Hapo hata Mazlan akitamka neno lile mara elfu, litakuwa maneno tu, na ndege ya Jumanne ina nafasi.

Msichana alisoma sura yake, watu wakamwombea, sinia zikatoka. Kama kawaida, mtu akapeleka kipaza sauti kwa Mazlan. Na kama kawaida, watu walianza kucheka kabla hajasema. Walishaweka vijiko pembeni. Wengine waligeuza viti.

"Assalamu alaykum," Mazlan akasema.

Kicheko.

"Leo sina mzaha."

Kicheko kikubwa zaidi. Mtu wa meza ya nyuma akapiga kelele, "Ndivyo anavyoanzaga huyu!"

Mazlan akangoja. Alikuwa amevaa shati lile lile lililofumuka, na kofia yake nyeusi ameivaa sawa, si kombo kama siku zote. "Mke wangu Zuraini nimemrejea. Nimemrejea katika ndoa yangu, Imam na ninyi nyote mashahidi."

Makofi, miluzi. Osmin akainuka na mguu wake. "Na friza je? Friza imerudi?"

"Na kuku!" mwingine akadakia. "Kuku walishaliwa!"

Mkono wa Zuraini ulisimama juu ya mbuzi. Neno limepita. Ameshakuwa mke wa mtu, na watu wanakula satay na kuulizana habari za kuku. Hasira ilimpanda kutoka kwenye visigino. Mak Hasnah alimpiga bega, anajifuta machozi. "Mwanangu, mumeo atatuua!"

"Nisikilizeni," Mazlan akasema. Sauti ilikuwa imepasuka. "Siku ile nilisema uongo. Nilisema yeye ni kisiwa hakioti. Si kweli. Tulikwenda Perth, tukapimwa. Asiyeota ni mimi. Hana kosa. Ni mimi."

Pakawa na kitambo kidogo, kama wimbi linapojivuta. Kisha uwanja mzima ukaanguka.

Walicheka mpaka watu wakashikana. Osmin alipiga meza kwa ngumi zote mbili. "Perth! Kampandisha hadi ndege!" Mama mmoja alimziba mwanawe masikio huku yeye mwenyewe amekauka kwa kicheko. Na Mazlan amesimama katikati, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili, na kadiri uso wake ulivyozidi kuvunjika ndivyo walivyozidi kucheka, maana hawajawahi kumwona akiigiza vizuri namna ile.

"Ni kweli," akasema. Hakuna aliyesikia. "Ndugu zangu, ni kweli."

Zuraini alikuwa ameshainuka. Hakukumbuka kuinuka. Alipita kati ya mipapai na nazi nyeupe imemganda mikononi hadi kwenye viwiko, akasimama ubavuni mwa mumewe, na hakuhitaji kipaza sauti.

"Mnacheka nini?"

Waliokuwa mbele wakanyamaza. Wa nyuma wakaendelea.

"Nauliza mnacheka nini! Osmin, wewe, unacheka nini?"

Osmin akaketi nusu kiti. "Dada Zu, si... si anatania?"

"Mtazame. Mtazame usoni, umemjua tangu mkitembea uchi. Huyo anatania?"

Osmin akatazama. Kicheko kikamtoka usoni polepole, hakikurudi. Meza moja ikanyamaza, kisha ya pili, mpaka ikasikika injini ya friji ya jikoni kwa Imam.

"Aliponitupa mlicheka. Aliponirudisha mkacheka. Mtu amesimama mbele yenu amejivua nguo zote, na ninyi mnauliza habari za kuku!" Akajigonga kifua kwa kiganja chenye nazi. "Sijitoi. Mimi pia nilicheka. Osmin, mguu wako niliuchekea, na nikamwambia arudie. Unisamehe. Tumemfuga mtu huyu kwa kicheko mpaka hawezi kulia mbele yetu tukamwamini."

Hakuna aliyegusa sahani. Mak Hasnah alikuwa amefika kwenye mipapai, kiganja mdomoni. Labda alikuwa anakumbuka chupa za dawa.

Kisha Zuraini akamgeukia Mazlan, na hakumpunguzia. "Na wewe! Nani alikutuma? Siri ile niliifunika kwa mgongo wangu, nikainywea nyongo. Nani alikwambia uitoe uwanjani?"

"Hakuna."

"Sikukuomba hilo! Nilitaka uwaambie ulisema uongo, basi. Yako ungebaki nayo."

"Nisingeweza kusema nusu," Mazlan akasema. "Nusu ndiyo nimezoea."

Kutoka upande wa wazee mtu akaja, anatembea kwa uzito. Alikuwa Pak Zuraini. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya mkwewe karibu kiasi kwamba vifua viligusana, akamtazama kwa muda mrefu, mzee mzima, taya linafanya kazi.

"Nilikuja hapa na nia ya kukuvunja meno," akasema.

Na hapo uwanja mzima, bila kutaka, ulijiinamisha mbele. Mazoea ni kilema. Watu wote walijua pana jibu, na jibu lenyewe Mazlan angelipata hata usingizini. Zuraini aliliona likimfika kinywani. Aliona pembe ya mdomo ikicheza, akamwona akilimeza.

"Najua, Baba," Mazlan akasema. Basi.

Mzee alitazama pembeni, akakohoa, akavuta kofia yake mbele. "Wali huo unapoa," aliwaambia watu kwa ukali, kana kwamba wao ndio wamechelewesha kitu. "Imam, waambie watu wale." Akaondoka hivyo hivyo, hakumpa mkono mkwewe, wala sanduku hakulitaja tena.

Zuraini alijifuta nazi kwenye kanga ya kiunoni. Tumbo lilimnyonga tena, kwa nguvu, na safari hii lilimkuta ni mke wa mtu.

"Twende nyumbani," akasema.

Mazlan alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake na asiye na hakika kama ni yeye. "Umenisamehe?"

"Nani kasema nimekusamehe? Nimekasirika. Nina hasira ya kunifikisha Ramadhani, na ikibaki nitafuturu nayo." Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye mipapai, na alisema bila kugeuka, kwa sauti ambayo kisiwa kizima kiliisikia na hakuna aliyethubutu kuichekea. "Lakini nitakukasirikia ndani ya nyumba yangu. Njoo."